Kura ya Kutoa Mama na Watoto Yadini, na Jinsi Ilivyorudishwa Mezani

Msichana, siku watakapokuambia uwe katibu wa kikundi kwa sababu "wewe umesoma", usidhani umepewa heshima. Umepewa kazi ambayo hakuna mwingine anaitaka. Wenzako watakuwa wanabishana, wanacheka, wanakula mandazi, na wewe uko pale na kalamu unaandika nani alisema nini, na baadaye kila mmoja atakuja kukuambia kwamba hakusema. Mimi nilipewa hiyo kazi Malaba, mpakani na Uganda, kwenye yadi ya malori, nikiwa nimetoka kumaliza kidato cha nne na sina karo ya kwenda mbele. Nimeifanya miaka mingi kuliko mtu yeyote kabla yangu. Juzi nimeiacha. Watu wananiangalia wananiuliza, mama Joy, wewe na huo ujana unastaafu nini? Nawaambia kustaafu si mvi. Kuna kazi inakumaliza mapema.

Nakuandikia wewe utakayekaa pale baada yangu. Sitakuficha kwamba nina hasira. Ninayo hadi leo, na wale mama wanaijua, na wengine wao bado wananiamkia wakiangalia pembeni. Lakini hasira peke yake haijawahi kubadilisha uamuzi wa mkutano. Hilo ndilo nataka kukueleza, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kulijua.

Kwanza uielewe yadi, kama hujawahi kufika. Malori yakingoja karatasi za mpakani, madereva wanalala humo. Mwenye yadi alitupa banda moja la mabati, majiko yamepangwa ukutani, mabenchi katikati, tangi la maji mlangoni. Anayepika ndani ya lile banda ana kivuli, ana wateja wanaokaa chini na kula wakitulia, mvua ikinyesha hakimbii. Asiyepika ndani anauza nje barabarani, foleni ikisonga anakimbia nayo, kikombe mkononi, dereva anakunywa huku gari linatembea na wewe unatembea kando ukingoja kikombe chako. Kikundi chetu ndicho kiliamua nani ana jiko ndani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema vikundi vya akina mama ni porojo, mwambie akae siku moja kwa hiyo barabara na jua la saa nane.

Aliyenifundisha ukatibu ni Mwalimu Taaka. Alifundisha shule ya msingi huko Namboboto mpaka akastaafu, akaja kupika nasi muda kidogo, halafu akafungua duka la sare za shule Busia mjini. Yeye ndiye alikuwa katibu kabla yangu, na yeye ndiye aliandika katiba ya kikundi. Mkutano wangu wa kwanza niliandika kila kitu. Niliandika kwamba mwenyekiti alipiga miayo. Niliandika kwamba kuku aliingia akafukuzwa. Mwalimu Taaka alisoma, akavua miwani, akaniambia, "Binti, andika kilichoamuliwa. Kelele zitajiandika zenyewe."

Kitu kingine alinifundisha: kabla ya kura, soma hoja kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Watu wetu hupigia kura uso wa aliyesema. Kama wanampenda, ndiyo. Kama aliwanunia wiki iliyopita, hapana. Ukisoma maneno kwa sauti yako kavu isiyo na sukari, wanasahau uso kidogo, wanasikiliza jambo. Fanya hivyo hata wakikucheka. Mimi waliniita redio.

Na utakuta mambo ambayo katiba haiyajui. Sisi tulikuwa na desturi ya leso. Mkutano wetu ulikuwa pale pale bandani, mchana, na foleni ya malori haingoji mkutano. Ikianza kusonga, mama wenye mahindi na ndizi ndani ya karai wanatoka mbio, na kila mmoja anaacha leso yake, ile kanga ya kujifunga, kwenye benchi. Leso ikiwa pale, yeye yuko. Ndivyo tulivyohesabu waliohudhuria, kwa sababu katiba ilisema hakuna uamuzi bila nusu ya wanachama kuwepo. Mara moja tulichagua mweka hazina, mama akarudi kutoka barabarani akitokwa jasho, akapigiwa makofi, akauliza kuna nini. Akaambiwa amechaguliwa. Mama Apondi, mpishi wa mandazi, akasema, "Tumechagua leso, lakini wewe pia utafaa." Tulicheka siku nzima. Aliifanya ile kazi vizuri, hata hivyo.

Sasa nije kwenye kura yenyewe.

Joy alikuwa mdogo, anatambaa. Baba yake ni dereva. Foleni iliposonga, akasonga nayo, na tangu hapo ananipigia simu Krismasi. Nilikuwa na jiko ndani ya banda, napika maharagwe na chapati, na Joy anakaa kwenye boksi la katoni chini ya meza. Siku moja alitoka kwenye boksi. Mama Apondi alikuwa amebeba karai la mafuta ya moto kutoka jikoni. Akamwona Joy miguuni pake. Hakumkanyaga, hakumwagia. Alijipinda upande mwingine, na mafuta yakamwagikia mguu wake mwenyewe. Mtoto hakuguswa na tone. Mama Apondi alilia mpaka madereva wakashuka kutoka kwenye malori.

Tulimpeleka hospitali, nikamuomba msamaha mara sijui ngapi. Lakini mwenye yadi alisikia, akaja akasimama mlangoni akasema hataki kusikia tena habari ya mtu kuungua kwake; tukishindwa kujipanga, atalifunga banda. Mwenyekiti wetu, Mama Asire, aliogopa sana. Ni mama mkali lakini si mbaya, nataka uelewe hilo. Aliona majiko yetu yote yanakwenda. Mkutano uliofuata akaleta hoja, na mimi kama kawaida nikaisoma kwa sauti kavu: mwanachama mwenye mtoto ambaye hajaanza chekechea asipike ndani ya yadi.

Hakusema mtoto asikaribie jiko. Alisema mama asipike. Na mama mwenye mtoto mdogo jikoni siku hiyo alikuwa mmoja tu, mimi niliyeisoma.

Nilijaribu kuongea. Sauti ikawa juu sana. Nikasema mtoto wangu nitamweka wapi, nimfungie nyumbani kama mbuzi? Nikamwambia Mama Asire wajukuu wake walikulia chini ya meza hizo hizo. Ilikuwa kweli, lakini nilivyosema ilikuwa kama namtukana, na watu waliokuwa wananihurumia wakanyamaza. Katikati ya hayo foleni ikasonga, mama wengi wakatoka mbio, leso zikabaki benchini. Mama Asire akasema tupige kura.

Sisi hupiga kura kwa kusimama. Wanaokubali upande wa tangi, wanaokataa upande wa majiko. Nilisimama upande wa majiko na wachache. Mama Apondi alisimama upande wa tangi, mguu umefungwa bendeji, ameegemea lile tangi, hakuniangalia. Walituzidi, si kwa wengi. Mama Asire akahesabu leso, akasema nusu ya wanachama wapo, hoja imepita, katibu andika.

Nikaandika. Fikiria hilo. Kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, nikaandika kwamba nimetolewa.

Nilibaki mwanachama, nikabaki katibu, lakini jiko nikaliacha wiki ile ile. Nikatoka na chupa za chai, Joy mgongoni, kwenye foleni. Dereva mmoja wa kutoka Kampala akanichungulia kutoka juu ya lori lake, akauliza, "Nyabo, mama, na huyo mgongoni anauza nini?" Nikamwambia huyo hauzi, huyo ndiye bosi. Alicheka, akanunua vikombe viwili. Nilicheka pia, halafu nikaenda nyuma ya tela la lori lingine nikalia kwa hasira. Joy alipata upele wa joto shingoni. Usiku alikuwa anakohoa vumbi. Kila nikipita mlango wa yadi naona jiko langu limekaa tupu, na najua kwa kawaida yetu halitakaa tupu muda mrefu.

Nilitaka kuivunja ile kura. Na nilijua jinsi ya kuivunja, au nilidhani najua. Leso. Katiba inasema nusu ya wanachama wawepo. Leso si mwanachama. Leso haina kitambulisho. Nikasema hawa nimewapata. Nikapanda gari kwenda Busia kwa Mwalimu Taaka, nimebeba Joy na katiba yangu, natembea kama wakili.

Nilimkuta akipanga sweta za shule. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupanga. Halafu akaniuliza tangi la maji tulilinunua kwa mkutano gani. Nikafikiri. Nikasema ule wa mvua. Akauliza leso zilikuwepo? Zilikuwepo. Nafula mjane, aliyepewa jiko la kona, aliingizwa siku gani? Siku ya leso. Na mweka hazina? Na wewe?

"Ukisema leso si watu," akasema, "basi Nafula atoke kesho asubuhi. Na wewe uweke kalamu chini, kwa sababu hata wewe si katibu. Ulichaguliwa na watu tisa na mabenchi yaliyojaa leso."

Nilikasirika naye. Nilimwambia kwani yeye yuko upande gani. Akasema hana upande, anauza sweta. Lakini akaniletea kiti, akamchukua Joy akamweka mapajani, akanieleza kitu ambacho nilikuwa nimekiandika na kukisoma miaka yote bila kukielewa. Katiba ilisema uamuzi unaweza kurudishwa mezani katika mkutano unaofuata, mara moja tu, na anayeurudisha lazima awe mtu aliyesimama upande ulioshinda. Si aliyeshindwa. Aliyeshinda.

Nilimuuliza ni nani mjinga aliandika hivyo. Akasema ni yeye. Kisha akanieleza, na hapa nataka usome polepole. Walioshindwa wakiruhusiwa kurudisha kila walichoshindwa, kikundi hakitapika tena. Kila mkutano utakuwa ni ule wa jana. Aliyeshindwa kila mara anataka kurudi, hiyo haituambii kitu. Lakini mtu aliyeshinda akisimama akasema mimi niliyesimama pale tangi, leo nina shaka, hiyo shaka inafaa kusikilizwa. Ndiyo maana kura yetu ni ya kusimama, si ya karatasi. Tunajua nani alisimama wapi.

"Kwa hiyo wewe huwezi," akasema. "Huna la kufanya mkutanoni. La kwako ni kutafuta mtu mmoja wa tangi. Na ukienda kwake, usibebe chochote. Hata sukari. Wakisikia ulibeba sukari, watasema umemnunua."

Unaona ubaya wake? Mtu niliyepaswa kumwendea alikuwa mgonjwa. Kwetu huendi kuona mgonjwa mikono mitupu, ni matusi. Unabeba hata ndizi chache, hata mkate. Na mgonjwa mwenyewe aliungua kwa ajili ya mtoto wangu.

Wengine wa upande wa tangi ningeweza kuwaendea. Niliwafikiria mmoja mmoja usiku kucha. Lakini wote wangesimama mkutanoni na mtu angeuliza, na mguu wa Apondi je? Hakuna ambaye angejibu hilo isipokuwa Apondi.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake, mguu juu ya kibao, anachambua maharagwe. Aliangalia mikono yangu. Akaangalia nyuma yangu, kama vile labda nimeacha mfuko mlangoni.

"Mama Joy. Umekuja kuona mgonjwa hivyo?"

"Sikuja kuona mgonjwa. Nimekuja kukuomba ubadilishe kura."

Akasema, basi kaa chini, angalau usaidie maharagwe. Nikakaa, nikachambua. Nilimwambia kila kitu, hata yale ya Mwalimu Taaka na sukari, na kwa nini nimekuja bila kitu. Nilimwambia pia kwamba kama angemwagia Joy yale mafuta, leo nisingekuwa na mtoto wa kumbishania. Hilo sikuwa nimelisema kwa mtu. Nilipolisema nikarudi kwenye maharagwe.

Apondi ni mama asiyependa maneno laini. Akaniambia alisimama pale tangi kwa sababu ya maumivu, na kwa sababu alitaka mtoto akae mbali na mafuta. Hakufikiri habari ya jiko langu. Aliposikia naita wateja wa chai barabarani siku ya pili, alijua alichofanya. Lakini kusimama mbele ya watu kusema nimebadilika, hilo hataki. Watamcheka. Watasema amekula chai yangu. Kwetu mtu anayegeuka mkutanoni anaitwa kinyonga mpaka wajukuu wake.

Sikumsihi. Nilimaliza maharagwe, nikaosha mikono, nikaondoka. Hakusema ndiyo.

Wakati huo huo jiko langu lilipata mtu. Nabwire, msichana wa umri wako, alikuwa kwenye orodha ya wanaongoja nafasi tangu zamani. Kamati ikamwita kwa utaratibu wote. Alilipa kiingilio, akanunua sufuria, akachukua unga kwa mkopo dukani, akaanza kupika matoke na karanga. Na anapika vizuri, wacha nisiseme uongo. Madereva wa Uganda walimpenda siku ya kwanza. Nilimchukia. Hakuwa amenikosea, nilimchukia tu, kwa sababu moshi wake ulikuwa unatoka mahali pangu.

Mkutano uliofuata ulijaa. Nadhani watu walisikia harufu ya ugomvi. Mama Asire akafungua kwa sala, nikasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, nikasoma na ile kura, sauti kavu kama kawaida. Tulipofika kwenye mambo yanayotokana na mkutano uliopita, nilikuwa nimeshaanza kugeuza ukurasa. Nilikuwa nimekata tamaa. Mama Apondi akasimama, ameshika benchi.

Akasema anataka kurudisha mezani ile kura ya watoto. Kelele zikaanza. Mama Asire akasema jambo limeisha. Akanigeukia, na nikaona anatumaini nitasema limeisha. Nikasoma kifungu. Sikuongeza neno. Mtu aliyesimama upande ulioshinda, mkutano unaofuata, mara moja. Mama Asire akakubali. Nilikuambia si mtu mbaya.

Mama mmoja wa mahindi akaita kutoka nyuma, "Apondi, sema ukweli, amekununua na chai ngapi?"

"Ningekuwa nimenunuliwa ningekuwa na viatu," akasema Apondi, akainua mguu wake wenye bendeji ndani ya kandambili ya mtoto wake mkubwa. Banda lote likacheka, hata aliyeuliza. Halafu akasema maneno ambayo niliyaandika yote, kinyume na nilivyofundishwa. "Aliyeungua ni mimi. Kama kuna mtu hapa ana haki ya kukasirika, ni mimi, na nimemaliza. Nilitaka mtoto atolewe kwenye mafuta. Tukamtoa mama kwenye chakula. Hayo ni mambo mawili, na siku ile nilikuwa na maumivu, sikuyatenganisha."

Wakakubali irudishwe. Elewa vizuri hapa, kwa sababu wengi wanakosea: kurudisha mezani si kushinda. Ni kuanza upya. Wakajadili upya tangu mwanzo, na safari hii mimi nilifunga mdomo. Nafula akasema wekeni mbao kule nyuma, watoto wakae upande wa pili na mmoja wetu awaangalie kwa zamu. Mwingine akasema mbao atatoa mume wake, ni fundi. Mama Asire akauliza mwenye yadi atasema nini. Wakaamua aende yeye na Apondi, mguu wenyewe ukaongee naye. Nikasoma tena ile hoja ya kwanza, ya mama asipike. Watu wakasimama. Foleni ilikuwa imesimama siku hiyo, Mungu alijua, hakuna leso hata moja benchini. Upande wa tangi walibaki wachache. Kura ya kwanza ikafa.

Vigelegele. Mtu akamchukua Joy mgongoni mwangu akamrusha juu. Wakaanza kusema, mama Joy rudi jikoni, leo leo, na mama wawili wakaenda kwenye jiko la Nabwire wakaanza kuondoa sufuria zake kutoka motoni. Nabwire alisimama na mwiko mkononi. Hakuwa na upande wowote wa kusimama. Wakati wa kura ya kwanza hakuwa hata mwanachama. Mama Asire akainua mkono watulie. Akaniangalia.

"Katibu. Hii inamfanya huyu msichana atoke, au hapana?"

Nataka ujue sikuwa mtakatifu pale. Nilikuwa na mwezi mzima wa vumbi kifuani mwa mtoto wangu. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, hakuna atakayesoma kifungu kinachofuata, kwa sababu hakuna anayesoma isipokuwa mimi. Jiko lilikuwa pale, hatua chache tu, bado lina moto.

Nikasema kura imefutwa kuanzia leo. Kuanzia leo mama yeyote mwenye mtoto atapika. Lakini yaliyofanywa kwa haki wakati ilikuwa hai hayafutwi nayo. Ndivyo katiba inavyosema. Nabwire aliitwa na kamati, akalipa, akaanza kazi. Hatoki. Mimi nirudi kwenye orodha, nafasi ikitokea nitaitwa.

Apondi akasema, "Sasa wewe umefanya kazi yote hii ya nini?" Nilikuwa naandika, na mstari ukapinda.

Nafasi haikutokea haraka. Ilipotokea, Joy alikuwa ameanza chekechea, na mimi nilikuwa na wateja wangu wa barabarani wanaonijua kwa jina, nikamwachia mwingine. Nimeendelea kuandika mpaka juzi nilipoona sina subira tena ya kukaa kwenye benchi nikisikiliza watu wazima wakibishana kuhusu ufagio. Leo kuna watoto nyuma ya ile mbao. Wengine mama zao hata hawajui kwamba kulikuwa na kura. Mara nyingine hilo linaniudhi, mara nyingine naona ndivyo inavyofaa.

Sasa nikueleze jinsi siku ile ilivyoisha, kwa sababu watu wanaisimulia vibaya, wanasema nilimhurumia. Mkutano ulipofungwa nilichukua chupa zangu za chai nikatoka. Nabwire akanifuata mpaka mlangoni, bado na ule mwiko, machozi machoni, akaanza kusema dada, dada, sijui nikushukuru vipi.

"Usinishukuru," nikamwambia. "Nenda ukaangalie matoke yako, yanaungua. Ningekuwa na njia ya haki ya kukutoa pale, ningekutoa."

Akacheka kidogo, akidhani natania. Nikafunga leso ya Joy vizuri mgongoni, nikaenda kwenye foleni. Sikuwa natania.